Si Mafuta Pekee: Uteuzi, Uhifadhi na Matumizi ya Visukumizi vya Roketi, na Wajibu wa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wao, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo anga za mbali. Kwa heshima ya nchi mwenyeji na ya siku yenyewe, setilaiti ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Orodha ya nne ya matokeo yake, iliyotolewa mwaka 1978, ilitaja vyanzo 339 vya eksirei. Hadi leo wanafalaki huviita baadhi ya vyanzo hivyo kwa nambari zinazotanguliwa na 4U, na herufi U humo ni ya neno letu.

Kiswahili basi kilikwisha kufika angani. Hata hivyo, kilifika kama jina tu. Iwapo mwanafunzi wa shule ya upili kule Kayole au Dandora atamwuliza mwalimu wake ni kitu gani kilichoisukuma Uhuru hadi juu, jibu atakalopewa kwa Kiswahili, bila shaka, ni “mafuta ya roketi”. Jibu hilo si sahihi. Katika injini kuu nne za Scout hamkuwa na tone la mafuta.

Makala haya yanalenga kueleza namna vitu vinavyoisukuma roketi vinavyoteuliwa, vinavyohifadhiwa na vinavyotumiwa. Aidha, yanalenga kuonyesha kuwa ugumu wa kulieleza jambo hili kwa Kiswahili hautokani na uchache wa maneno bali na neno moja tunalolitumia kupita kiasi. Mifano mingi imetolewa katika maisha ya mitaa ya Eastlands, Nairobi, alikolelewa mwandishi. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba mkazi wa mitaa hiyo anayajua mengi ya mambo haya kwa mikono yake kabla ya kuyajua kwa istilahi.

Tatizo la neno “mafuta”

Neno “mafuta” katika Kiswahili hubeba mzigo mzito. Hutaja yale ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari na hata ya mnyama aliyenona. Katika mazungumzo ya kila siku mzigo huo haudhuru, kwa kuwa muktadha hutenganisha maana. Katika sayansi ya mwako, neno hili huficha jambo la msingi: hakuna kitu kinachoungua peke yake. Kila moto huhitaji pande mbili. Upande wa kwanza ni fueli, yaani kile kinachoungua. Upande wa pili ni kioksidishaji, yaani kile kinachoiunguza fueli, na ambacho kwa kawaida ni oksijeni.

Tulitazame jiko la mafuta ya taa, lile la tambi lililozoeleka katika vyumba vya kupanga vya Eastlands. Tambi hufyonza mafuta kutoka chini, nayo hewa huingia kupitia vitundu vya vikombe vya bati vinavyozunguka moto. Mpishi hujua kwamba vitundu hivyo vikizibwa na masizi, moto hubadilika rangi kutoka buluu hadi manjano, sufuria hufuka weusi na chumba hujaa harufu. Mafuta hayajapungua, kilichopungua ni hewa. Hali kadhalika, anayelipepea jiko la makaa haongezi makaa, bali anaongeza kioksidishaji. Elimu hiyo ya pande mbili ipo jikoni, ila haina jina.

Roketi haina vitundu vya kuingizia hewa. Huanza safari palipo na hewa tele, lakini baada ya dakika chache hufika mahali ambapo hewa haipo. Kwa hiyo hulazimika kubeba pande zote mbili za moto wake. Katika roketi itumiayo mafuta ya taa yaliyosafishwa na oksijeni ya kimiminiko, kila kilo moja ya mafuta huhitaji zaidi ya kilo mbili za oksijeni. Hatua ya kwanza ya Saturn V, roketi iliyowapeleka wanaanga mwezini kati ya 1968 na 1972, ilibeba takriban lita 770,000 za mafuta ya taa na lita milioni 1.2 za oksijeni ya kimiminiko. Anayeuita mzigo huo wote “mafuta” amelitaja fungu dogo na kuliacha kubwa.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza neno “kisukumizi” (wingi: visukumizi) kwa maada yoyote ambayo roketi huibeba ili iitoe nyuma kwa kasi na kujisukuma mbele. Neno hili limetokana na kitenzi “sukumiza”. Umbo fupi zaidi, “kisukuma”, halifai, kwani tayari ni jina la lugha ya jirani zetu wa Tanzania. Chini ya kisukumizi ndipo zinapokaa fueli na kioksidishaji.

Uteuzi wa visukumizi

Mshika mbili moja humponyoka. Methali hii inaweza kuwa kanuni ya kwanza ya mhandisi wa roketi, kwani hakuna kisukumizi chenye sifa zote njema. Kigezo kinachotangulia ni kasi ya gesi inayotoka nyuma. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alionyesha mwaka 1903 kuwa mwendo ambao roketi inaweza kuupata hutegemea kasi hiyo pamoja na uwiano kati ya uzito wa roketi iliyojaa na uzito wake ikiwa tupu. Ili kuizunguka dunia katika njia ya chini, chombo huhitaji mwendo wa karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Gesi ya visukumizi vya kawaida hutoka kwa kasi ya kilomita 2.5 hadi 4.5 kwa sekunde tu. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa mno ya uzito wa roketi, mara nyingi karibu asilimia 90, huwa ni kisukumizi chenyewe. Ni kama mkokoteni unaotoka Gikomba ukiwa umejaa chakula cha mwenye kuuvuta, na mzigo wa mteja ni kifurushi kilichowekwa juu.

Hapa ndipo faida ya pwani yetu ilipoonekana. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, na mahali palipo kwenye ikweta husafiri kuelekea mashariki kwa mwendo wa karibu mita 465 kwa sekunde. San Marco iko takriban digrii tatu tu kusini mwa ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Roketi iliyofyatuliwa pale ilipata msukumo wa bure kutoka kwa dunia yenyewe, wala mabaki yake hayakuwaangukia watu.

Visukumizi vyenyewe vinaweza kugawanywa katika makundi manne makuu.

Kundi la kwanza ni visukumizi vigumu. Hapa fueli na kioksidishaji husagwa na kuchanganywa katika ute wa mpira, kisha mchanganyiko hukaushwa ukawa bonge moja. Mchanganyiko unaotumika sana una amoniamu perikloreti, ambayo ni kioksidishaji, kwa karibu asilimia 70. Unga wa alumini. Na mpira unaovishikanisha huku nao ukiungua. Scout ilikuwa ya kundi hili katika hatua zake zote nne, zilizoitwa Algol, Castor, Antares na Altair kwa majina ya nyota. Mwanafunzi wa Kiswahili atafurahi kujua kuwa Altair limetoka katika Kiarabu, kwa maana ya “arukaye”, na ni ndugu wa neno letu “tiara”.

Kundi la pili ni mafuta ya taa pamoja na oksijeni ya kimiminiko. Mafuta ya taa ni mazito na hayahitaji tangi kubwa, si ghali, na hukaa katika joto la kawaida. Hata hivyo, yale ya roketi si kama yanayopimwa kibandani. Huondolewa salfa na uchafu mwingine ili yasiache masizi katika mirija ya injini, kama yale yanayoziba vitundu vya jiko. Setilaiti ya Taifa-1 ya Kenya ilirushwa kwa visukumizi vya kundi hili tarehe 15 Aprili 2023, kwa roketi ya Falcon 9, kutoka Vandenberg, California.

Kundi la tatu ni haidrojeni ya kimiminiko pamoja na oksijeni ya kimiminiko. Gesi yake hutoka kwa kasi kubwa kuliko ya makundi mengine yaliyotajwa, karibu kilomita 4.4 kwa sekunde. Kasoro ni kwamba haidrojeni ni nyepesi mno: lita moja ya kimiminiko chake ina takriban gramu 70, ilhali lita moja ya mafuta ya taa ina takriban gramu 800. Tangi lake basi huwa kubwa ajabu. Ndiyo maana Saturn V ilitumia mafuta ya taa chini, palipohitajika nguvu nyingi, na haidrojeni katika hatua mbili za juu, ambapo kila kilo ilikuwa na thamani.

Kundi la nne ni visukumizi vya kujiwasha. Fueli za jamii ya haidrazini zikikutana na tetroksidi ya nitrojeni huwaka papo hapo, bila cheche. Injini iliyowainua wanaanga wa Apollo kutoka mwezini ilitumia kundi hili, kwa sababu hapakuwa na fundi wa kuitwa iwapo isingewaka. Hasara yake ni sumu kali.

Uhifadhi: sanaa ya kutenga

Iwapo moto una pande mbili, basi kuhifadhi ni kuzitenga pande hizo hadi wakati wake. Kanuni hii ni moja, ila kila kundi huitekeleza kwa njia yake.

Oksijeni huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, na haidrojeni kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Anayetikisa mtungi wa gesi ya kupikia husikia kimiminiko kikicheza ndani. Hiyo ni propani na buteni, ambazo hukubali kuwa kimiminiko kwa kushindiliwa tu. Oksijeni haikubali. Hata ikishindiliwa vipi katika joto la Nairobi haitakuwa kimiminiko, sharti ipozwe. Kwa hivyo huhifadhiwa katika matangi yenye kuta mbili na ombwe katikati, mfano wa chupa ya chai, na roketi hujazwa saa chache au dakika chache tu kabla ya kuruka. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyochemka na kutoroka, na tangi huachwa lipumue ili lisipasuke.

Hatari ya kioksidishaji ni kwamba hugeuza vitu visivyoogopwa kuwa fueli. Tarehe 1 Septemba 2016, roketi ya Falcon 9 ililipuka huko Florida ikiwa bado inajazwa, siku mbili kabla ya safari. Ilikuwa imebeba setilaiti ya AMOS-6, iliyotarajiwa kuleta intaneti katika sehemu za Afrika kusini mwa Sahara. Siku hiyo mwanzilishi wa Facebook, Mark Zuckerberg, alikuwa ziarani papa hapa Nairobi. Uchunguzi ulionyesha kuwa oksijeni iliyopozwa mno ilinaswa ndani ya tabaka za nyuzi za kaboni zilizofunika chupa ya heli. Nyuzi hizo hazikuwekwa ziungue. Ziliwekwa kuiimarisha chupa. Zilipobanwa pamoja na oksijeni, zikawa fueli.

Visukumizi vya kujiwasha huweza kukaa miaka katika joto la kawaida, ilmradi visikutane. Makosa yake hayasameheki. Tarehe 24 Oktoba 1960 huko Baikonur, kombora la Kisovieti la R-16 lilikuwa limekwisha kujazwa visukumizi hivyo, na mafundi walikuwa bado wanalizunguka wakilirekebisha, pale injini ya hatua ya pili ilipowaka ghafla. Makumi ya watu waliteketea, akiwemo mkuu wao, Mitrofan Nedelin. Kilichovunjwa ni desturi ya kutokaribia.

Katika visukumizi vigumu, pande mbili tayari zimechanganywa, na kinachokosekana ni cheche tu. Hifadhi yake basi ni kuepusha cheche, unyevu na mabadiliko makubwa ya joto. Bonge likipata ufa, moto hupenya ndani ya ufa huo, eneo linaloungua huongezeka ghafla na ganda linaweza kupasuka. Pamoja na hayo, kundi hili ndilo lililolifaa jukwaa la baharini. Injini zilisafirishwa zikiwa tayari zimejazwa, wala hapakuhitajika kiwanda cha kupoza oksijeni juu ya mawimbi. Kati ya 1967 na 1988, roketi za Scout zilirusha setilaiti tisa kutoka San Marco kwa utaratibu huo.

Matumizi

Kisukumizi kigumu kikishawashwa hakizimwi. Fundi huamua mapema namna kitakavyoungua kwa kuchonga tundu katikati ya bonge, mara nyingi lenye umbo la nyota, ili eneo la kuungua libaki karibu sawa muda wote. Baada ya hapo hana la kufanya. Chombo cha Challenger kilipoangamia tarehe 28 Januari 1986 pamoja na wanaanga saba, pete ya mpira katika kiungo cha roketi kigumu ya pembeni ilikuwa imekakamaa kwa baridi ya asubuhi hiyo, na gesi ya moto ikapenya. Hapakuwa na swichi ya kuizima roketi hiyo.

Injini ya vimiminiko ni kinyume chake. Pampu zenye nguvu husukuma fueli na kioksidishaji hadi chumba cha mwako, na gesi hutoka kupitia nozeli. Injini ya namna hii inaweza kupunguzwa, kuzimwa na, ikibuniwa hivyo, kuwashwa tena. Mara nyingi fueli yenyewe hupitishwa kwanza katika mirija ya ukuta wa nozeli ili iupoze, kisha ndipo iende kuungua. Angani, ambako hakuna juu wala chini, kimiminiko huelea ndani ya tangi kama mapovu. Hivyo injini ndogo hukisukuma chombo kidogo ili kimiminiko kikusanyike mdomoni mwa bomba kabla injini kubwa haijawashwa. Hatua iliyomaliza kisukumizi chake hudondoshwa, kwa kuwa tangi tupu ni mzigo usio na kazi.

Istilahi na maisha ya mtaani

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yanamhusu nini mwanafunzi wa fasihi na lugha? Yanamhusu kwa sababu kanuni ya kutenga ndiyo inayomlinda mkazi wa Eastlands. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba la kusafirishia mafuta katika kijiji cha Sinai, ikaingia mtaroni, wakazi wakaenda kuichota, na moto ulipozuka takriban watu 100 walifariki. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi katika eneo la Mradi, Embakasi, uliua watu na kujeruhi mamia.

Si haki kudai kwamba neno moja liliwaua watu hao. Umaskini, makazi yaliyosongamana na usimamizi dhaifu vina sehemu kubwa zaidi. Lakini lugha nayo ina sehemu yake. Tunapoyaita petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa neno moja, “mafuta”, hatumwambii mtu kwamba si kimiminiko kinachoungua bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto yanapofikia joto la nyuzi 38 au zaidi, kiwango ambacho hewa ya Nairobi haikifikii. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mtaro wa petroli basi hausubiri kupashwa moto: kioksidishaji chake kiko juu yake tayari, na kinachongojewa ni cheche. Ndiyo sababu hiyo pia mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli hulipua jiko. Mtu aliyefundishwa kuwa moto una pande mbili anaweza kujiuliza, kila aonapo mvujo, upande wa pili uko wapi. Aliyefundishwa “mafuta ni hatari” hana la kujiuliza.

Istilahi basi hazina budi kupimwa kwa vigezo tunavyofundishwa: usahihi, iktisadi, uangavu na utaratibu. “Fueli” na “kioksidishaji” ni maneno yaliyokwisha kutumika katika uandishi wa sayansi. Kazi iliyobaki ni kuyatoa kamusini na kuyapeleka madarasani na kwenye matangazo ya tahadhari. “Kisukumizi” ni pendekezo la makala haya. Lina uangavu, kwani kazi ya kitu hicho imo katika jina, na lina utaratibu, kwani huzaa kwa urahisi: kisukumizi kigumu, kisukumizi kimiminiko, kisukumizi baridi, kisukumizi cha kujiwasha. “Mafuta ya roketi” lina uangavu wa uongo, nao ni mbaya kuliko kiza, kwa sababu anayelisikia hudhani ameelewa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uteuzi wa visukumizi ni mapatano kati ya kasi, uzito, ukubwa wa tangi na usalama. Kwamba uhifadhi ni kuzitenga pande mbili za moto au, zikishachanganywa, kuiepusha cheche. Na kwamba matumizi hutegemea iwapo moto huo unaweza kuzimwa. Yameonyesha pia kuwa yote haya yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kuazima zaidi ya maneno machache, mradi tulipunguzie neno “mafuta” mzigo usio wake.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaalikwa kuipinga au kuiboresha istilahi iliyopendekezwa hapa. Iwapo lipo neno bora kuliko “kisukumizi”, na lipatikane. Lisiloweza kuendelea ni hali ya sasa, ambapo lugha iliyoipa setilaiti jina haimpi mtoto wa Kayole maelezo ya namna ilivyoruka.